Baiskeli Katika Nchi ya Majani Chai
Mazungumzo juu ya njia za murram za Kericho na Bomet



Kuna safari mbili za kutoka Kericho kwenda Bomet. Ya kwanza ni ya lami: msafiri hupita Litein, Kapkatet na Kaplong, kisha hugeuka kushoto mpaka Bomet. Ya pili haina jina moja wala kibao kimoja. Ni njia nyingi ndogo za murram, zenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, zipitazo kati ya mashamba ya majani chai, zikishuka mitoni na kupanda tena vilimani. Mwenye motokaa huchagua ile ya kwanza. Mwenye baiskeli yafaa afikiri sana kabla ya kumfuata.

Sababu yake si ndogo. Jioni ya tarehe 30 Juni, 2023, pale Londiani Junction, katika barabara kuu ya Nakuru na Kericho, lori lililochukua kontena liliacha njia likawagonga watu waliokuwa kando: wachuuzi, abiria wa matatu na waendeshaji wa bodaboda. Watu zaidi ya 50 walikufa. Kabla ya hapo, tarehe 10 Oktoba, 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan, na huko nako zaidi ya 50 walipoteza maisha. Barabara kuu za nchi hii zina miteremko mirefu, na gari zito likishindwa kusimama halichagui wa kumgonga. Mpanda baiskeli ndiye mnyonge kuliko wote barabarani. Basi kama ipo njia nyingine ya kumfikisha sokoni, shuleni au kanisani, yampasa aijue.

Na njia hiyo ipo, tena ipo kwa sababu ya majani chai. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Baadaye wakulima wadogo nao walipata nafasi, na mwaka 1964 kikaanzishwa chombo cha KTDA cha kuwasimamia. Jani la chai likishachumwa halina subira. Likikaa mno guniani hupata joto, hubadilika rangi, na thamani yake hupotea. Kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku ile ile, na kwa sababu hiyo lori lazima liweze kufika karibu na kila shamba. Ndiyo maana nchi hii ina njia nyingi za murram, nyingi kuliko macho ya mgeni yawezavyo kuona kutoka kwenye lami. Asubuhi wachumaji wamo shambani, wakikata majani mawili na chipukizi. Mchana mizigo hupimwa katika vituo vya kununulia. Kisha malori hupita kukusanya. Kati ya nyakati hizo njia huwa tulivu, na baiskeli hupita kwa amani.

Lakini mpanda baiskeli asiyeijua nchi atachoka kabla ya saa sita. Jambo la kwanza la kujifunza ni mito. Mito mingi ya huku huzaliwa katika msitu wa Mau, upande wa mashariki, nayo hutiririka kuelekea magharibi. Atokaye Kericho kwenda kusini hukutana nayo mmoja baada ya mwingine: Kiptiget, Chemosit, Itare, Kipsonoi. Kila mto umechimba bonde lake, na kati ya bonde na bonde umesimama mgongo wa kilima. Kwa hiyo aendaye mashariki au magharibi akifuata mgongo hupata njia nyepesi, yenye kupanda na kushuka kidogo tu. Bali aendaye kaskazini au kusini hana budi kuvuka kila bonde: hushuka mpaka darajani, kisha hupanda upya. Kilometa kumi za mgongoni si sawa na kilometa kumi za kuvuka mabonde. Mwenye busara hugawa safari yake: hufuata mgongo mpaka aone daraja zuri, huvuka mara moja, kisha hushika mgongo wa pili. Wenyeji wa Konoin na Mogogosiek walikuwa wakifanya hivyo kwa miguu tangu zamani.

Jambo la pili ni mvua. Kericho iko yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hunyesha karibu mwaka mzima. Mara nyingi asubuhi huwa nyeupe na safi. Baada ya saa sita, hewa ya unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilimani, mawingu hujikusanya, na jioni mvua humwagika, mara nyingine mvua ya mawe iangushayo majani ya chai chini. Kwa hiyo safari njema ni ya alfajiri. Aondokaye saa kumi na mbili asubuhi huweza kuwa amefika kabla njia haijalowa. Udongo mwekundu ukilowa hushika gurudumu kama gundi, hujaa kati ya tairi na madigadi, mpaka baiskeli inakataa kuzunguka. Hapo hapana aibu kushuka na kuikokota. Na mto ukiwa umejaa mpaka maji yapite juu ya daraja, asivuke mtu, hata kama mwenzake amevuka salama mbele yake.

Jambo la tatu ni baiskeli yenyewe. Si lazima iwe ya bei kubwa. Ile baiskeli nzito nyeusi iitwayo Black Mamba imebeba maziwa, kuni, magunia na hata wagonjwa katika Afrika Mashariki yote. Tairi pana hushika changarawe kuliko tairi nyembamba, na lisijazwe upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, kwa maana tairi gumu hurukaruka na kuteleza. Mzigo ufungwe chini na sawasawa pande zote mbili. Zaidi ya yote, breki zichunguzwe kila asubuhi, mpira wake usiwe umekwisha. Mteremko wa kwenda mtoni hauna huruma. Apunguze mwendo kabla ya kona, si katikati ya kona. Atumie breki ya nyuma na ya mbele kwa pamoja na kwa upole, kwa kuwa anayekamata ya mbele peke yake kwa ghafula hutupwa juu ya usukani. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la nne ni adabu. Baadhi ya njia nzuri kabisa zimo ndani ya mashamba ya makampuni, chini ya mikalitusi iliyopandwa ili kuni zake zikaushe chai. Njia hizo zina wenyewe. Afikapo langoni, mpanda baiskeli ashuke, aombe ruhusa, na akinyimwa arudi bila ugomvi. Akikutana na wachumaji wenye mizigo mgongoni, awapishe wao. Akikutana na mzee, asimame amwamkie kwa neno la wenyeji, «Chamgei». Salamu moja humpatia mgeni habari za daraja lililovunjika, ambazo ramani haina.

Siku hizi mbio za baiskeli katika changarawe zimekuwa mchezo mkubwa duniani. Tangu mwaka 2021 wapanda baiskeli kutoka nchi nyingi wameshindana siku nne katika nchi ya Maasai Mara, jirani ya Bomet, pamoja na vijana wa Afrika Mashariki. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa kikosi cha Team Amani, aliwafungulia wengi mlango wa mchezo huo. Tarehe 27 Agosti, 2022, alianguka katika mashindano ya Vermont, Marekani, akafa akiwa na umri wa miaka 33. Kijana anayetamani kufuata nyayo zake ashike mambo mawili kwa pamoja: bidii yake, na tahadhari katika mteremko.

Mwisho wa safari, karibu na Bomet, mpanda baiskeli hufika mto Nyangores, uangukao kwa kishindo pale Tenwek, na ambao nguvu zake zimewasha taa za hospitali ya hapo tangu miaka ya 1980. Mto huu haufuati wenzake. Kiptiget, Chemosit, Itare na Kipsonoi huungana kuwa Sondu na kuingia Ziwa Victoria upande wa Kenya; Nyangores hukutana na Amala kuwa mto Mara, hupita katika mbuga za wanyama, huingia Tanzania, na mwishowe humwaga maji yake katika ziwa lile lile. Mto mmoja umefuata njia fupi, na wa pili umezunguka mbali, na yote imefika. Mpanda baiskeli naye akizunguka kilometa chache ili kuiepuka barabara ya malori, asihesabu kwamba amechelewa. Watu wa nyumbani humngojea afike, hawamngojei awahi.