Foleni ya Viza ya Familia

Msikilizaji wetu wa Dumila, ndugu yako aliye Marekani alikuombea viza ya kuhamia huko, na miaka inapita kimya. Je, amekusahau? La hasha. Foleni ndiyo ndefu.

Sheria ya Marekani haiwawekei kikomo cha idadi kwa mwaka mume, mke na wazazi wa raia wake, wala watoto wao walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa au kuolewa. Hao husubiri ukaguzi wa nyaraka na usaili. Kaka na dada wa raia wana nafasi 65,000 hivi kwa mwaka, dunia nzima. Kungoja kwao huzidi miaka 10.

Nafasi yako hushikwa na tarehe ombi lilipopokelewa. Itunze tarehe hiyo. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza, bure, tarehe zilizofikiwa.

Foleni hii si basi la njia panda ya Dumila, ambapo konda atakubananisha. Anayedai fedha akusogeze mbele ni tapeli. Usimpe hata shilingi. Wewe hakikisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na pasipoti linafanana.