Mada: Uchaguzi wa Ghala la Data la Mtandao kwa Ofisi Zetu za Kahama



Ghala la data la mtandao, kama wengi wenu mjuavyo, ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, kinachofungwa katika mtandao wa ofisi ili kompyuta zote zihifadhi mafaili mahali pamoja. Nami sitakawia katika fasili hiyo, kwa kuwa taabu yetu hapa Nyasubi, mjini Kahama, haimo humo.

Taabu yetu imo katika poti, yaani tundu ambamo kebo ya mtandao huchomekwa. Miaka kadha wa kadha nimekuwa nikiitwa na wapima ardhi, wahasibu na wanunuzi wa dhahabu ambao, wakiisha kutoa fedha nyingi kwa kisanduku chenye poti ya gigabiti 10 kwa sekunde, huona picha za droni na kumbukumbu za uchorongaji zikienda pole pole vile vile kama zamani. Nami aghalabu nyuma ya kisanduku hicho hukuta swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za kompyuta zote, ya gigabiti moja, au hata ya megabiti 100. Gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa hesabu, na katika kazi halisi kama 110, na kiungo kilicho dhaifu ndicho kiamuacho mwendo wa vyote.

Tena wapo wanaouziwa kisanduku cha poti mbili kwa ahadi kwamba zikiunganishwa mwendo utakuwa maradufu. Katika mfumo wa uunganishaji unaotumika sana, faili linalotoka kwa kompyuta moja hupita katika poti moja tu. Faida huwafikia watu wengi wafanyao kazi kwa pamoja, na swichi nayo sharti iukubali mfumo huo. Jambo hili nimelieleza mara nyingi, na bado maelezo ya zabuni hutaja terabaiti peke yake. Simlaumu afisa manunuzi yeyote, maana kila taasisi ina taratibu zake. Walakini hasara ni ya umma.

Kwa ofisi nyingi poti ya gigabiti 2.5 yatosha, kwani kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2016 hupita katika kebo ya Cat5e hadi mita 100, ilhali gigabiti 10 kwa masafa hayo hudai Cat6A. Poti ya pili itengewe kamera za ulinzi: kamera 16 za megabiti 4 hazizidi megabiti 64, hivyo hazihitaji mwendo, zahitaji kutengwa na daftari za wauzaji wa dhahabu, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetutwika dhamana yake.

Napendekeza, basi, swichi na kebo zikaguliwe kabla ya ghala kununuliwa. Zabuni itaje mwendo wa poti, wa swichi na aina ya kebo. Poti mbili zisinunuliwe kwa tamaa ya mwendo. Ofisi ikiwa na majengo mawili, yaungwe kwa faiba, si kwa waya wa shaba, kwa kuwa radi za Kanda ya Ziwa hupitia shaba hiyo na kuunguza swichi na ghala pamoja. Na nakala ya pili ya data ikae jengo jingine. Narudia lile la kwanza, maana ndilo linalopuuzwa: swichi na kebo zikaguliwe kwanza.

Naiomba semina hii iazimie leo kwamba hakuna ofisi yetu itakayotangaza zabuni ya ghala pasipo ripoti ya ukaguzi huo kuambatishwa.