Tanga, Pangani na Milima ya Usambara: Pendekezo la Safari ya Ukoo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Jamaa, Leicester, usiku wa kwanza)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na shangazi zetu, ndugu, watoto na wajukuu mliokuja kutoka Maskati, Dubai, Toronto na humu humu Uingereza, na ninyi mtakaoyasoma haya kijitabuni kwa kuwa hamkujaliwa kufika.

Kamati imenitaka nizungumze juu ya mkutano ujao, ambao kwa ridhaa ya wengi utafanyika nyumbani, na hasa juu ya siku saba zitakazobaki baada ya arusi na ziara za makaburi. Mapendekezo mawili yamekwisha kumfikia Katibu. La kwanza ni kwamba tukodi hoteli ya ufukweni kule Unguja, tujipumzishe. La pili ni kwamba twende Serengeti na Ngorongoro. Sina ugomvi na lo lote katika hayo, na wanyama wa Serengeti hawatatukimbia. Nimesimama kuleta la tatu: tuizunguke Tanga yetu wenyewe, kutoka mapango ya Amboni hadi Pangani, kisha tupande Usambara, na nusu ya viti vya gari iwe ya wale waliobaki nyumbani.

Najua swali litakalofuata, maana nimelisikia hata vinywani mwa waliozaliwa Ngamiani: Tanga kuna nini?

Katika madirisha mengi ya nchi hii pana ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani yenye manyoya, ambalo watu hulinunua sokoni na kulitunza kwa maji kidogo. Wenyeji hulipa jina la Afrika bila ya kutaja ni Afrika ipi. Ua hilo ni la kwetu. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu zake kwa babake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa hao. Kwa hiyo mtoto wa ukoo huu aliyezaliwa Toronto yamkini amelimwagilia maji ua la Usambara kabla hajaijua Usambara ni nini. Lingali linaota katika miamba yenye kivuli ndani ya misitu ya huko, ingawa misitu yenyewe inapungua. Mimi ningependa alione mahali pake.

Sasa niieleze njia. Siku ya kwanza ni Amboni, kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini, kando ya barabara ya Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa dahari nyingi. Ndani mna vyumba virefu kama vya msikiti na vichochoro ambavyo mtu mnene hupita ubavuubavu. Wageni huongozwa katika pango moja tu, na mwongoza njia ni lazima, kwani giza la humo si la mchezo. Popo hutoka jua linapozama. Wazee wasiotaka kuinama watapumzika chini ya miti, karibu na mto. Viatu viwe vya kufunga; kandambili zibaki nyumbani.

Siku ya pili tutashuka kusini kwa barabara ya Pangani, na baada ya kiasi cha kilomita 20 tutasimama Tongoni. Hapa naomba tusifanye haraka. Pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo, ijapokuwa nyingi zimekwisha kuanguka na mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa humo zamani yameng'olewa. Katika maji ya jirani, mwaka 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moto merikebu yake São Rafael, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Watoto wetu hufundishwa shuleni habari za baharia huyo kana kwamba alifika pwani isiyokuwa na watu. Na wasimame mbele ya mihrabu ya Tongoni, wajionee kwamba palikuwa na mji.

Kutoka hapo hadi Pangani si mbali. Mto, minazi, nyumba za zamani zenye milango ya nakshi zinazobomoka taratibu, na boma la kale. Hapa ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Na ng'ambo ya mto, huko Kikogwe, ndipo ulipopandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893: katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyonusurika safari, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yote mnayoyajua. Wengi wetu babu zetu walikuwa makarani, wapimaji au wachukuzi wa mkonge huo. Ni ajabu kwamba hatujapata kwenda pamoja kupaona ulipoanzia.

Siku ya tatu ni ya bahari. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai kwa wingi. Miti yote imekwisha kuliwa na bahari. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yanapotoka na kufunikwa maji yanapojaa, na mayai ya kasa wanaotaga hapo huhamishiwa bara ili yasizamishwe. Safari ya huko haipangwi kwa kalenda ya ukutani bali kwa mwezi wa angani. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali na kurudi kwa nguvu, na wakati wa kusi bahari huchafuka ifikapo mchana. Basi tutaondoka alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri, na neno la nahodha litakuwa la mwisho, hata kama mtu amelipa nauli kutoka Dubai.

Siku nne zilizobaki ni za milima. Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na bustani ya miti ya kila nchi. Leo msitu unaoizunguka ni hifadhi ya mazingira asilia. Hapo ndipo penye ua letu. Njia ya kupanda huteleza mvua inaponyesha, kwa hiyo masika hatuendi. Kisha tutazunguka kwa Korogwe hadi Mombo, ambako reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika mwaka 1905, na kupanda kwa mizunguko hadi Lushoto. Pana ukingo uitwao Irente ambapo mlima hukatika ghafla, na chini yake unaiona Mazinde na nyika imelala hadi macho yachoke. Chukueni masweta. Julai ya Lushoto ina baridi.

Mtu wa pwani huenda akasema milima si yetu, ni ya Washambaa. Lakini mamlaka ya Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Vuga hata alipofariki mwaka 1862, yalifika pwani, na madiwani wa Pangani na Tanga walikuwa wakiyatambua. Matunda na mboga ambazo mama zetu walizinunua sokoni zilitoka juu. Tulikuwa tukila mlima kila siku bila ya kuupanda.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo najua litaleta maneno, nalo ni viti. Tunaporudi nyumbani, ndugu zangu, hutupokea watu wale wale. Hutupisha vitanda, huchinja, huhangaika na maji na umeme, nasi hukaa sebuleni siku 10, tukagawa zawadi, tukalia kidogo, tukarudi uwanjani. Wao ndio waliolinda nyumba, wakaosha maiti wetu, wakatupigia simu usiku. Na wengi wao, wanaokaa mwendo wa saa chache tu kutoka Amani, hawajapata kufika Amani, kwa sababu pesa ya matembezi hupotelea kwenye karo na dawa. Tukienda peke yetu na miwani yetu ya jua, tukiwaacha wapike pilau ya kutusubiri, tutakuwa watalii katika mji wa mababu zetu. Kwa hiyo naomba mfuko wa ukoo ulipe gari na malazi ya waliobaki, na sisi tuliotoka ng'ambo kila mmoja ajilipie.

Juu ya kulala, naelewa aibu iliyopo. Shangazi yetu wa Tanga ataona amevunjiwa heshima tukilala nyumba ya wageni. Lakini watu 30 kulala kwake ni kumtwisha mzigo, na hatasema. Tukiwa Tanga tule kwake mchana, tena tupeleke sisi vyakula. Usiku tukalale kwingine. Na aambiwe na mkubwa wetu mwenyewe, uso kwa uso, asisikie kwa simu ya mtoto.

Lipo na la pasipoti. Baadhi yetu tumebakia raia, na baadhi tumechukua uraia wa huku, na getini kwenye hifadhi kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Mtu aliyezaliwa Pangani atalipa kama mgeni na binamu yake aliye ubavuni atalipa kama mwenyeji. Inauma, lakini ndiyo sheria. Tusiende kubishana na kijana wa getini. Napendekeza tofauti hiyo ichangwe na wote, ili pasiwe na anayehesabiwa mgeni mbele ya wanawe.

Wakati ufaao ni Julai hadi mapema Agosti: ni kipupwe huko, shule zimefungwa au zinafungwa huku, na walio Ghuba nao hulikimbia joto. Gari aina ya kosta moja itatosha ikiwa hatutazidi 25. Tukizidi, tutahitaji ya pili, na mwenye kuamua anataka majina kabla ya Januari.

Kura ni kesho saa nne asubuhi, baada ya hesabu za Mweka Hazina. Wanaotaka ratiba kwa maandishi wataipata kwa Katibu. Wenye watoto wanaoogopa giza nao wamwambie yeye, ili tujue ni tochi ngapi za kununua kwa ajili ya Amboni.

Wassalaam.