Joto Linaloonekana



Mwanaume akiambiwa ana saratani ya tezi dume, kwanza huuliza kama atakufa. Swali la pili husubiri mkewe atoke nje. Mzee mmoja aliniuliza macho yakiwa sakafuni: "Daktari, nitabaki mwanaume?"

Tezi yenyewe ni ndogo kama ndimu. Imeuzunguka mrija wa mkojo, juu yake kuna kibofu, nyuma yake ukuta wa njia ya haja kubwa, na ubavuni hupita mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Zamani wapasuaji waliing'oa tezi pamoja na mishipa hiyo, kwa kuwa njia yake haikujulikana vizuri. Mwaka 1981, huko Leiden, Uholanzi, daktari Pieter Donker alimwonyesha mpasuaji Patrick Walsh inakopita, na mwaka 1982 Walsh akafanya upasuaji wa kuinusuru kwa makusudi. Hata hivyo tezi nzima iliendelea kutolewa, japo saratani imekalia kona moja tu.

Picha za MRI ndizo zilizoionyesha kona hiyo, na ndipo ikawezekana kufikiria kuichoma peke yake.

Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya MRI, akiwa amepewa ganzi na dawa ya kumtuliza. Sindano hupitishwa kwenye msamba hadi kwenye uvimbe, na ndani yake huingizwa uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga wa leza. Uzi huo umevikwa kijimrija chenye maji ya kupooza. Msidhani maji hayo ni jambo dogo: nyama iliyogusana na ncha ikigeuka mkaa, mwanga haupenyi tena. Joto likifika nyuzi 60 hivi, seli hufa.

Tunalionaje joto hilo? Hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Mashine ya MRI husikiliza mlio wa haidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili. Maji yakipata joto mlio hushuka, kwa kila nyuzijoto moja, kiasi cha sehemu moja katika milioni mia. Kompyuta hulinasa badiliko hilo na kulichora kwa rangi kila baada ya sekunde chache. Daktari huwa ameshaweka alama kwenye ukuta wa njia ya haja kubwa. Joto likivuka kiwango pale, leza hujizima.

Chuo Kikuu cha Chicago kiliwatibu hivyo wanaume 27 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Baada ya miezi mitatu, kipimo cha kinyama hakikukuta saratani mahali palipochomwa kwa 26 kati yao. Ulipotimia mwaka mmoja ilikutwa kwa wanaume 10, na kwa 8 kati ya hao ilikuwa nje ya eneo lililochomwa. Kwa maoni yangu, moto kwa kiasi kikubwa ulifanya kazi yake. Kilichopungua ni macho. Ndiyo maana aliyetibiwa hivi lazima aendelee kupimwa damu (kipimo cha PSA), MRI na kinyama, na asiambiwe amepona siku anayoruhusiwa.

Wengi wa wagonjwa wetu hawafiki wakati kuna kona ya kulengwa. Yule mzee alikuwa ameumwa mgongo miezi minane, akijichua na kumeza dawa za maumivu. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamjibu swali lake kwanza.