Kitabu Kipi kwa Mtoto Yupi: Kazi ya Maktaba za Umma Isiyo na Mwenyewe



Hoja yangu jioni ya leo ni moja. Maktaba zetu za umma zimejitahidi kukusanya vitabu vya watoto, kuvipanga na kuvitunza, lakini kazi ya kumpendekezea mtoto kitabu zimeiacha bila mwenyewe. Nami nashikilia kwamba kazi hiyo ndiyo moyo wa huduma ya watoto. Saa ya hadithi, shindano la kusoma, tamasha la vitabu na ziara ya wanafunzi vina faida pale tu mtoto anapoondoka na kitabu mkononi, kitabu kinachomfaa yeye, na akikimaliza anajua pa kurudi kuuliza kipi kifuate. Pasipo hayo, shughuli huisha wageni wanapopanda magari yao, na rafu hubaki kama zilivyokuwa asubuhi. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India ambaye kanuni zake tano hufundishwa katika kila chuo cha ukutubi, alieleza tangu mwaka 1931 kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Wakutubi wetu wanazijua kanuni hizo kwa kichwa. Swali ni nani aliyepewa muda, mafunzo na dhamana ya kuwakutanisha hao wawili.

Tulianza vizuri. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba kwa Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba za mikoa zilifuata, pamoja na huduma kwa shule na magari yaliyopeleka vitabu mbali na miji. Wakati huohuo kampeni ya elimu ya watu wazima ilipandisha idadi ya wanaojua kusoma kutoka takriban theluthi moja ya watu wazima mwaka 1967 hadi takriban asilimia 90 kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa takwimu za serikali. Ili watu wasisahau walichojifunza, maktaba za vijiji zilifunguliwa kwa wingi. Leo nyingi kati ya hizo hazipo. Sababu inayotajwa kwanza ni fedha: uchumi ulipoyumba, vitabu vilivyochakaa havikupata mbadala. Ni kweli, lakini naongeza sababu ya pili. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyopelekwa vijijini ilihusu kilimo cha pamba, ufugaji, lishe na afya, mambo ambayo taifa lilitaka watu wayajue. Mambo hayo yalikuwa ya lazima. Hata hivyo, msomaji hakuulizwa anapenda kusoma nini, na hadithi ya kumkeshesha mtu usiku haikupewa nafasi inayostahili. Mtu mzima aliyemaliza kijitabu cha pamba hakuwa na la kumrudisha maktaba, na mwanawe hakuwahi kuwa na la kumpeleka.

Athari yake tunaiona hadi leo. Vyumba vya maktaba za mikoa hujaa miezi ya mitihani, na wanaovijaza wengi wamekuja na madaftari yao wenyewe. Wanachokihitaji ni meza, mwanga na utulivu. Siwalaumu, kwani nyumbani kwao huenda hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Lakini maktaba inayotumika kama chumba cha kudurusu haiwezi kujua watoto wanapenda kusoma nini, kwa sababu vitabu vyake havitoki kwenye rafu. Upande mwingine, tafiti za Uwezo, zilizopima watoto majumbani nchini Tanzania, Kenya na Uganda tangu miaka ya 2009 na 2010, zimerudia kutuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tumezoea kuyasoma matokeo hayo kama aibu ya walimu. Nadhani yanatuuliza pia jambo jingine: mtoto huyo, akitoka darasani, ana nini cha kusoma?

Ushahidi kwamba jibu la swali hilo lina uzito upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi, vyenye picha na visa vya kuvutia, katika shule za vijijini nchini Fiji, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili na vitabu vilikuwa haba mno. Baadhi ya madarasa yalisoma hadithi pamoja na mwalimu; mengine, watoto walijisomea kimya vitabu walivyovichagua. Baada ya miezi minane, makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua mara mbili ya kawaida katika kusoma na kuelewa. Kabla yao, mwaka 1978, Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa Atlanta, Marekani, na kuonyesha kwamba idadi ya vitabu walivyosoma wakati wa likizo ilikwenda sambamba na maendeleo yao, na kwamba maktaba ya umma ilichangia kuliko taasisi nyingine yoyote ya umma. Mwaka 2010 Richard Allington na Anne McGill-Franzen walieleza walichokifanya katika shule za watoto maskini huko Florida: kila mtoto alichagua vitabu 12 vya kwenda navyo nyumbani likizo ya kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo. Waliopewa vitabu waliwapita wenzao ambao hawakupewa. Naomba mliangalie jambo linaloziunganisha kazi za Fiji na Florida. Vitabu havikumwagwa tu. Mtu mzima mwenye ujuzi aliandaa meza, akaweka juu yake vitabu vinavyolingana na umri na hamu ya watoto, kisha akawaachia wachague.

Hapa ndipo tunapochanganya mambo mawili. Taasisi ya Elimu Tanzania hukagua vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Kenya ina orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na taasisi yake ya ukuzaji mitaala. Kazi hiyo ni halali na lazima ifanyike. Lakini dawa iliyosajiliwa ni dawa inayoruhusiwa kuuzwa. Mgonjwa bado anamhitaji tabibu wa kumwambia ipi inamfaa. Ithibati inaiambia shule inunue nini bila hofu. Haimwambii mama wa Kigoma ampe nini binti yake wa miaka tisa anayependa habari za wanyama na anayechoka kila akikutana na ukurasa usio na picha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, na orodha hiyo ilienea kwenye magazeti na simu kwa siku chache tu. Sibishani hapa na uamuzi wenyewe. Nasikitika tu kwamba mzazi wa kawaida anaweza kuwa amekwisha kuona orodha ya vitabu asivyopaswa kumpa mwanawe, na hajawahi kuona orodha ya vitabu vya kumpa.

Pendekezo zuri linafanyikaje? Tuchukue mtoto wa darasa la tano anayerudisha hekaya za Abunuwasi. Mkutubi asiyefundishwa hugonga muhuri na kukirudisha kitabu rafuni. Mkutubi wa watoto humuuliza: umependa kisa gani? Mtoto akisema amefurahi Abunuwasi alipomshinda mfalme kwa maneno, anayetakiwa ni mwerevu mwingine, basi apewe ngano za Sungura zilizoandikwa kwa urefu unaomzidi kidogo, na akifika sekondari aelekezwe kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye naye hushinda kwa akili na kiko chake mdomoni. Akisema amependa kusoma habari za zamani za masultani na majumba yao, njia ni nyingine: Alfu Lela Ulela, halafu Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Yule anayetaka vita na ushujaa apewe Ngome ya Mianzi ya Mugyabuso Mulokozi, iliyotoka mwaka 1990 na kuwaweka watoto katikati ya mapambano dhidi ya Wajerumani. Habari njema ni kwamba kuna Ngoma ya Mianzi ya kuifuata, na mtoto aliyezama katika hadithi hufurahi mno kusikia haijaisha. Kuna Safari ya Prospa ya Elieshi Lema, na kuna Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora kwa mvulana anayeota kwenda ughaibuni. Mkutubi hawezi kusema haya kwa kusoma majalada. Lazima awe amevisoma vitabu vyenyewe, na kusoma vitabu vya watoto kuhesabiwe katika saa zake za kazi.

Najua mapingamizi yaliyopo ukumbini. La kwanza linasema: tunazungumzia kupendekeza wakati vitabu vyenyewe hatuna. Kwangu uhaba ndio unaoongeza haja. Maktaba yenye vitabu vya watoto elfu hamsini inaweza kumwachia mtoto apapase mpaka abahatishe. Yenye mia tatu haina anasa hiyo. Kila kitabu kinachokaa bila msomaji ni hasara inayoonekana kwa macho. Tena mapendekezo huzaa vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulithibitisha jambo ambalo wachapishaji walikuwa wakililalamikia siku zote: wakihakikishiwa kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa, watachapisha hadithi za watoto kwa Kiswahili, na waandishi na wachoraji watapatikana. Maktaba za umma zikitoa orodha kila mwaka, zikanunua zilichokipendekeza na kutangaza ni vipi vilivyoazimwa sana, mchapishaji atajua wapi aweke fedha yake. Leo anakisia tu, na kwa kuwa kukisia ni hatari hukimbilia kitabu cha kiada, ambacho soko lake analijua.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazazi: hadithi zinamtoa mtoto kwenye masomo. Matokeo ya Fiji yanajibu, na uzoefu wa mwalimu yeyote wa darasa la saba unajibu pia, kwani mtoto asiyeelewa habari ndefu hushindwa kwanza kuelewa swali, hata likiwa la hesabu au sayansi. La tatu ni zito zaidi, nami naliheshimu. Linauliza nani kamteua mkutubi awachagulie watoto wa wenzake. Orodha inaweza kugeuka kuwa amri, kama vile vitabu teule vya fasihi ambavyo wanafunzi huvikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wasitamani kuviona tena. Inaweza pia kubeba upendeleo wa mtu mmoja, dini moja au mkoa mmoja. Kinga ni uwazi. Orodha iandikwe na watu kadhaa, itaje majina yao, ieleze kwa sentensi mbili au tatu kila kitabu kinahusu nini, kina urefu gani, na kuna jambo gani ambalo mzazi angependa kulijua mapema, kwa mfano kifo cha mzazi au ukatili wa vita. Mzazi mwenye maelezo hayo ana uwezo wa kuamua ambao hana leo. Na mtoto abaki na haki ya kukifunga kitabu akifika ukurasa wa kumi na kusema hakimpendezi. Jibu lake liandikwe, maana nalo ni ushahidi.

Kuhusu simu nitasema kidogo. Tovuti ya African Storybook inatoa bure hadithi nyingi za watoto katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ni hazina kwa maktaba yenye bajeti ndogo. Lakini mtoto aliye mbele ya mamia ya hadithi kwenye skrini anahitaji mwelekezaji kuliko aliye mbele ya rafu moja.

Linalonisumbua zaidi ni mlango wa kutokea. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwapandisha ngamia masanduku ya vitabu huko Garissa, ikiwafuata wafugaji na watoto wao waliko. Walioibuni huduma hiyo walielewa kwamba kitabu lazima kimfikie mtoto na kulala kwake. Katika mji wenye lami na umeme, mtoto anayeambiwa asome humuhumu ndani, au ambaye hawezi kuazima kwa sababu ya ada na mdhamini asiyepatikana, yuko mbali na kitabu kuliko mtoto wa mfugaji wa Garissa. Tunaogopa kitabu kupotea. Ni hofu ya haki kwa mkutubi anayekatwa mshahara au kuandikiwa barua kwa kila nakala isiyorudi, basi kanuni hizo zibadilishwe kwa vitabu vya watoto: sehemu ya hasara ihesabiwe mapema katika bajeti, kama zinavyohesabiwa karatasi na wino. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa na watoto arobaini kimefanya kazi yake.

Kwa hiyo nawaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Vyuo vinavyofundisha ukutubi, pamoja na chuo hiki, vifanye fasihi ya watoto ya Kiswahili kuwa somo la lazima, na mwanafunzi asihitimu kabla hajasoma vitabu hivyo na kuandika maelezo yake. Kila maktaba ya mkoa imtaje kwa jina mkutubi mmoja wa watoto na asihamishiwe dawati jingine msimu wa mitihani ukifika. Nanyi wakutubi mliomo humu, msisubiri waraka. Chagueni vitabu ishirini vilivyopo rafuni mwenu sasa hivi, visomeni, andikeni sentensi tatu juu ya kila kimoja, bandikeni karatasi hiyo mlangoni na kuipeleka katika shule zilizo jirani kabla watoto hawajafunga shule kwa likizo ya Desemba.