BIMA YA GARI BAADA YA HUKUMU YA ULEVI

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama madereva)



Twawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka safari ya usiku mkaja hapa kabla ya kulala. Neno letu la leo ni moja, nalo halipendwi. Twataka kusema juu ya dereva aliyeshitakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, korti ikamhukumu, kisha adhabu yake ikaisha na sasa ataka kurudi kazini. Je, bima ataipataje? Wengi huulizana jambo hili pembeni, na jibu la pembeni ni baya. Huambiwa: "Nyamaza tu, nani atajua?" Sisi twasema kunyamaza huko ndiko kutakakomfanya mtu auze shamba lake.

Kwanza tuielewe bima yenyewe. Sheria ya Kenya, Mlango wa 405, hairuhusu gari kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Sheria hiyo tuliirithi tangu siku za ukoloni, nayo ilifuata sheria za Uingereza za mwaka 1930 na 1934. Haikutungwa kwa ajili ya dereva. Ilitungwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, na abiria aliyelipa nauli yake, ili akiumia au akifa, yeye au watoto wake wasiachwe mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo sheria haikubali kampuni ya bima imwambie mjane, "Hatukulipi, maana dereva hakuwa na hali nzuri siku ile." Kampuni haiwezi kumkimbia mtu wa nje kwa kutaja hali ya mwili au akili ya dereva. Lakini, ndugu, sikilizeni upande wa pili. Sheria hiyo hiyo yaipa kampuni haki ya kumgeukia yule iliyemkatia bima na kumdai fedha ilizomlipia kwa namna hiyo. Tuseme korti imeamuru mjane alipwe Sh. 2,000,000. Kampuni italipa, kisha barua ya wakili itakuja mlangoni kwako. Na dai la mtu mmoja likipita Sh. 3,000,000, sheria hailazimishi bima kulipa kinachozidi hapo. Tena, hata mwenye bima kamili asijidanganye. Kwa kawaida hati hizo husema wazi kwamba gari likiharibika dereva akiwa amelewa, kampuni hailitengenezi.

Sasa tuje kwa aliyekwisha hukumiwa. Korti yaweza kumzuia asiwe na leseni kwa muda. Katika muda huo asishike usukani hata kwa kusogeza gari kutoka geti hadi bomba la mafuta. Hati za bima husema kwamba mwenye kuendesha sharti awe na leseni, wala asiwe amezuiwa na korti. Akigusa gari, amevunja amri ya korti na bima yake pia.

Muda ukiisha, atapewa fomu ya maombi ya bima. Ndani yake mna swali: Je, wewe au mtu ye yote atakayeendesha gari hili amepata kuhukumiwa kwa kosa la barabarani? Hapo ndipo mkono hutetemeka. Wakala naye, akitaka kupata biashara, aweza kusema, "Acha pale patupu, nitajaza mimi." Ndugu, usikubali. Aliyeandika aweza kuwa wakala, lakini sahihi ni yako, na sahihi ndiyo itakayosomwa kortini.

Hukumu ya ulevi ni jambo kubwa machoni pa bima, maana laweza kubadili nia ya kampuni ya kukupokea au bei itakayokutoza. Ukilificha, kampuni yaweza kwenda kortini kuomba itangazwe kwamba hati ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa au kwa kusema uongo. Ikishinda, haina tena deni la kulipa. Umelipa ada miezi yote, na siku ya ajali uko kama mtu asiye na bima kabisa. Aliyeumia atakutazama wewe: mshahara wako, ng'ombe wako, kiwanja chako. Naye, ikiwa huna kitu, atakosa kila kitu. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa huishia mahali pabaya.

Je, ukisema kweli itakuwaje? Hatutawadanganya. Kampuni moja yaweza kukukataa. Nyingine itapandisha ada, au itasema sehemu kubwa zaidi ya hasara uibebe mwenyewe. Lakini kampuni hazifanani. Nenda kwa tatu au nne, uliza kila mmoja bei yake kwa maandishi. Miaka ikipita bila kosa jingine, neno lako hupata uzito. Huko Uingereza, ilikotoka sheria yetu, alama ya kosa hili hukaa katika leseni miaka 11, lakini kampuni za bima kwa desturi huuliza habari za miaka 5 iliyopita. Hata wao wanajua kwamba mtu hubadilika.

Wengi wetu hatuna magari. Twaendesha ya tajiri, na bima ni yake. Hapo pia msifiche, maana tajiri akitia sahihi bila kujua, mzigo utawarudia nyote wawili. Tajiri naye asitumie neno "bima imekataa" kama fimbo. Mwanachama akiambiwa hivyo, chama kiombe kuonyeshwa barua ya kampuni. Kama ni kweli, tutaomba apewe kazi ya ghala au ya karakana mpaka mambo yatengenee.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kulewa saa za kazi hata ushindwe kufanya kazi yako sawasawa kwaweza kukufukuzisha mara moja. Hilo hatulipingi. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema usifukuzwe kabla ya kuelezwa kosa lako kwa lugha unayoielewa na kusikilizwa, nawe una haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzako au mjumbe wa chama kando yako. Usiende peke yako. Tuiteni.

Basi twawaomba mambo matatu. Usitie sahihi katika fomu usiyoisoma. Kama maandishi ni ya Kiingereza kigumu, ilete ofisini tuisome pamoja. Weka nakala ya fomu na risiti zako. Na kampuni ikikutendea visivyo, leta karatasi hizo, nasi tutakusaidia kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya serikali inayosimamia bima.

Neno la mwisho ni kwa wale ambao hawajapata hukumu. Nauli ya kurudi nyumbani kutoka baa ni ndogo kuliko ada yo yote tuliyoitaja hapa. Acha gari, panda matatu, na kesho uamke una leseni yako.