Mvua Inapokuja, Nani Anaanua?



Msimu wa karafuu hapa kwetu Wete, Pemba, hakuna ua usio na jamvi la kuanikia. Mama yuko jikoni anachuja tui, mtoto nje anapiga kelele: "Mvua!" Mama hamwagi tui. Anakamua kile alichokishika, anaweka kifumbu chini, ndipo anakimbilia karafuu. Mkono wake una mahali pa kuachia. Mhadhara wangu wote ni juu ya mahali hapo.

Programu ya Python, Java au Erlang kwa kawaida hutafsiriwa kwanza kuwa baitikodi, yaani maagizo madogo madogo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine pepe. Prosesa yenyewe inaweza kukatizwa karibu popote, lakini agizo moja la baitikodi huweza kubeba maelfu ya maagizo ya prosesa. Ukilikatiza katikati na kuanza kazi nyingine juu yake, unakuta kitu kimeshahesabiwa lakini hakijawekwa mahali pake. Tui limemwagika.

Ndiyo maana Python ina hila ya kupendeza. Ukibonyeza Ctrl na C kusimamisha programu, ile kazi, yaani kijisehemu cha programu, inayopokea ishara hiyo haifanyi karibu chochote: inainua bendera, basi. Uzi mkuu, yaani mkondo mkuu wa utekelezaji wa programu, ukifika kati ya agizo na agizo huiona bendera, ndipo huendesha ulichopanga kifanyike. Mtoto amepiga kelele. Kuanua si kazi yake.

Zamu za nyuzi nazo zina historia yake. Python ina kufuli moja kuu, inayoshikwa na uzi mmoja tu kwa wakati, na zamani uzi ulioishika uliambiwa uiachie kila baada ya maagizo 100. Mimi naona hesabu ile ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa sababu maagizo hayalingani. Kujumlisha 2 na 3 ni agizo moja. Kuita kazi ya kupanga namba milioni moja nako ni agizo moja. Mchumaji yeyote wa Pemba angekataa kulipwa kwa idadi ya mapakacha, makubwa kwa madogo, angedai pishi. Mwaka 2011, katika toleo la 3.2, Antoine Pitrou akaleta kipimo cha muda: uzi unaosubiri unavumilia milisekunde 5, kisha unaomba. Nasema unaomba, kwa kuwa aliyezama katika upangaji wa namba milioni hatasikia mpaka amalize. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta, kwa majaribio, njia ya kuendesha Python bila kufuli hiyo. Mahali pa kuachia bado panahitajika.

Erlang ilizaliwa katika maabara za Ericsson miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu, ambako mteja mmoja msemaji hakutakiwa kuwanyima laini wengine. Humo kila mchakato hupewa akiba ya pointi, kwa sasa 4,000, na kila kazi inapoitwa hupungua kama moja. Ikiisha, pisha mwenzio. Sasa tazameni ujanja wake: lugha hii haina vitanzi. Anayetaka kurudia jambo lazima kazi yake ijiite tena, na kila ikijiita inapita mbele ya mhesabuji. Hakuna uchochoro! WhatsApp, inayotuletea sauti za ndugu zetu wa Maskati, ilijengwa juu ya Erlang, na mwaka 2012 ilitangaza kwamba seva yake moja ilibeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa pamoja.

Uchochoro, nimekosea, upo mmoja: msimbo wa C unaoitwa kutoka ndani ya Erlang. Huo haupunguziwi akiba wenyewe. Waandishi wake wanashauriwa wasizidishe milisekunde moja, na kazi ndefu zipelekwe kwa wagawa zamu waliotengwa kwa ajili hiyo.

Vijana wa nyuma, msiondoke. Kompyuta hii mezani ina orodha ya namba milioni 20 zilizovurugwa. Naiagiza Python izipange. Sasa nabonyeza Ctrl na C. Bendera imeshainuliwa, hesabuni nami, kwa sauti, mpaka mama atoke jikoni.